Bei yetu ya umeme na gesi inaisha Novemba: tuhame kampuni au tubaki?

Swali: "Kaka, habari za kazi. Tuko Leicester, hapa Uingereza, mwaka wa nne sasa, mimi, mume wangu na watoto watatu. Mdogo ana miaka mitatu. Mwaka jana kampuni yetu ya umeme na gesi ilitufungia bei kwa mwaka mmoja. Juzi imekuja barua kwamba bei hiyo inaisha tarehe 30 Novemba 2025, na wametupa bei nyingine ya kufunga tena mwaka: umeme peni 27.10 kwa yuniti na peni 48 kwa siku, gesi peni 6.45 kwa yuniti na peni 30 kwa siku. Shoga yangu amenionyesha kampuni nyingine: umeme peni 24.40 na 56 kwa siku, gesi peni 5.75 na 33 kwa siku, ila ukiondoka kabla ya mwaka wanakutoza pauni 50 kwa umeme na 50 kwa gesi. Mume wangu hataki kusikia. Anasema tukihama watatukatia katikati ya baridi, na tena kule tuna salio la pauni 140, litapotea. Kwa mwaka tumetumia yuniti 3,100 za umeme na 14,000 za gesi. Mita ni janja. Nyumba ni ya kupanga ila bili tunalipa wenyewe. Tufanyeje?"

Jibu: Dada, ahsante kwa kuniletea namba. Wengi huniuliza "kampuni gani ni rahisi?" bila namba hata moja, nami sina la kuwajibu. Wewe umefungua bili ukatoa yuniti za mwaka mzima, kwa hiyo nusu ya kazi umeshaimaliza.

Nianze na mumeo, kwa sababu hofu yake naijua inakotoka. Mtu aliyekulia Tanga au Dar anajua shirika moja tu. Nguzo ni za TANESCO, waya ni wa TANESCO, mita ni ya TANESCO, na tokeni za LUKU ni za haohao. Ukikosana nao, umekosana na umeme wenyewe. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia "kuhama kampuni", anaona fundi juu ya nguzo na kisu mkononi.

Uingereza kazi hizo zimegawanywa. Nyaya zinazoingia nyumbani kwenu Leicester ni za National Grid Electricity Distribution, na mabomba ya gesi ni ya Cadent. Hao hamuwachagui na hamuwezi kuwahama. Kampuni inayokutumia bili ni mchuuzi tu: inanunua umeme na gesi kwa jumla, inakuuzia rejareja, inasoma mita na kukusanya fedha. Ukihama, unabadilisha mchuuzi. Waya ni uleule, bomba ni lilelile, mita haiguswi, hakuna fundi atakayebisha hodi, na taa haizimi hata sekunde moja. Mwambie pia kwamba umeme ukikatika mtaani, namba ya kupiga ni 105, inayowapeleka kwa wenye nyaya, na hawaulizi bili yako ni ya nani.

Sasa tarehe, maana hapo ndipo penye fedha. Sheria za Ofgem, ambayo ni mamlaka ya kusimamia umeme na gesi England, Scotland na Wales, zinasema kwamba zikibaki siku 49 mkataba wa bei iliyofungwa uishe, kampuni haiwezi kukutoza faini ya kuondoka. Ndiyo maana barua yako imekuja sasa: kampuni inatakiwa kukuarifu zikiwa zimebaki siku kati ya 42 na 49. Kwa mkataba unaoisha 30 Novemba, mlango huo ulifunguliwa tarehe 12 Oktoba. Tangu siku hiyo mko huru. Watu wengi hudhani lazima wasubiri mpaka siku ya mwisho, wakifika Desemba wanakuta wameshahamishiwa bei nyingine.

Ila kuwa huru hakukulazimishi kukimbia leo. Kuna namba moja hukuniandikia: bei mnayolipa hivi sasa. Itafute kwenye bili, iweke kando ya hizi mbili. Kama bei ya sasa ni kubwa kuliko ile ya shoga yako, kila wiki mnayokaa mnapoteza, hameni mara moja. Kama ni ndogo, kaeni mle mpaka siku za mwisho, kisha ombeni kuhama kwa tarehe inayokaribia 30 Novemba. Kuhama kwenyewe sasa ni kazi ya siku 5 za kazi, tangu utaratibu ulipoharakishwa Julai 2022. Zamani ilikuwa wiki tatu na zaidi. Mnaweza kuomba tarehe ya mbele, na mna siku 14 za kughairi bila gharama. Angalizo: bei nzuri hazikai rafuni. Ukiiona leo na ukaiacha wiki tatu, usishangae kukuta imeondolewa.

Msipofanya lolote je? Kuanzia 1 Desemba mtaingizwa kwenye bei ya kawaida ya kampuni, ile inayopanda na kushuka, na kwenye bili itaandikwa Standard Variable. Bei hiyo ina mlinzi. Unakumbuka EWURA, wasimamizi wa nishati kule Tanzania, wanavyotangaza bei kikomo za petroli na dizeli kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kituo hakiruhusiwi kuuza juu yake? Hapa Ofgem inafanya vivyo hivyo kwa umeme na gesi ya majumbani tangu Januari 2019. Mwanzoni ilikuwa mara mbili kwa mwaka. Tangu Oktoba 2022 inabadilishwa kila miezi mitatu: Januari, Aprili, Julai na Oktoba.

Hapo kuna jambo linalowapotosha watu wengi, na lazima niliseme kwa urefu. Redioni utasikia "bei kikomo sasa ni pauni 1,755 kwa mwaka", ambayo ilikuwa ya Oktoba mpaka Desemba 2025. Nimeshakaa na kijana aliyeamini kwamba akifikisha pauni hizo, matumizi mengine yote mwaka huo ni bure, na boila yake ilikuwa inawaka mchana kutwa. Sivyo. Kinachowekewa kikomo ni bei ya yuniti moja na ada ya siku. Hiyo 1,755 ni mfano tu wa nyumba inayotumia yuniti 2,700 za umeme na 11,500 za gesi kwa mwaka, na inalipa kwa benki kukata kila mwezi. Ukitumia zaidi, unalipa zaidi. Ninyi mnatumia zaidi, kwa hiyo namba ya redioni si yenu.

Namba halisi za kikomo kwa kipindi hicho, kwa wastani wa nchi, zilikuwa hizi: umeme peni 26.35 kwa yuniti na peni 53.68 kwa siku. Gesi peni 6.29 kwa yuniti na peni 34.03 kwa siku, kodi ya VAT ya asilimia 5 ikiwa ndani. Kila eneo lina tofauti kidogo, na kuna maeneo 14. Ya East Midlands, eneo lenu la Leicester, utayaona kwenye bili au barua.

Ile ada ya siku, ndiyo wanayoiita standing charge, unalipa hata kama umesafiri na hujawasha taa. Wateja wa zamani wa TANESCO wataikumbuka sevisi chaji iliyokuwa ikikatwa kila mwezi kabla haijafutwa 2016. Ni mtoto wa baba mmoja na ile, na huyu hapa hajafutwa.

Tupige hesabu. Chukua yuniti za mwaka, zidisha kwa bei, ongeza ada ya siku mara 365.

Mkikaa kwenye bei ya kawaida, kwa kikomo hicho: umeme ni pauni 816.85 za yuniti na 195.93 za ada. Gesi ni pauni 880.60 na 124.21. Jumla pauni 2,017 na senti zake.

Bei mpya ya kampuni yenu: umeme 840.10 na ada 175.20, gesi 903 na ada 109.50. Jumla pauni 2,027 na kitu.

Bei ya shoga yako: umeme 756.40 na ada 204.40, gesi 805 na ada 120.45. Jumla pauni 1,886.

Umeona kampuni yenu ilivyowapa "zawadi ya mteja mwaminifu"? Inawazidishia pauni 10 juu ya kutofanya lolote, halafu inawafunga mwaka mzima. Ada yao ya siku ni ndogo kweli, na ukiitazama haraka unavutiwa. Kwa mtu anayeishi peke yake kwenye fleti, anatumia tuseme yuniti 1,200 za umeme na 4,000 za gesi, barua hiyohiyo ingemgharimu kama pauni 868 wakati kikomo kingemgharimu 888, kwa hiyo yeye angeokoa pauni 20. Ninyi mko watano na boila inawaka, yuniti ndizo zinazowala. Ndiyo sababu siwezi kumwambia mtu kampuni ipi ni rahisi kabla sijaona matumizi yake. Shoga yako naye angekuwa na nyumba ndogo, ushauri wake ungeweza kukupotosha bila nia mbaya. Safari hii amepatia.

Tofauti kati ya bei yake na bei ya kawaida ni pauni 131 kwa mwaka, mradi kikomo kibaki kilipo. Hakitabaki. Ofgem hutangaza cha Januari kabla Novemba haijaisha, na kingine cha Aprili mwezi Februari. Bei za soko zinafuata gesi, na gesi inafuata mambo ya dunia. Mwaka 2021 mwezi wa Oktoba kikomo kilikuwa pauni 1,277. Januari 2023 kilifika 4,279, na kama serikali isingeingilia kwa kuzuia bili ya nyumba ya kawaida isizidi 2,500, sijui nani angewasha hita. Waliokuwa wamefunga bei kabla ya kupanda walilala usingizi. Lakini ipo pia hadithi ya upande wa pili: waliofunga bei kwa hofu wakati ziko kileleni, kikomo kikashuka, wakabaki wanalipa zaidi ya jirani.

Kufunga bei, kwa hiyo, ni bima. Swali langu huwa: hiyo bima inauzwa bei gani? Kwenu ninyi inauzwa chini ya sifuri, maana mnalipwa pauni 131 kuichukua. Ili mje kujuta, kikomo kingelazimika kushuka kwa zaidi ya asilimia 6 na kibaki hukohuko sehemu kubwa ya mwaka. Inawezekana, na mimi si mpiga ramli. Lakini kwa nyumba yenye watoto watatu na kipato kinachojulikana, mimi ningeichukua. Tofauti ingekuwa pauni 20 au 30 ningekwambia fuata moyo wako.

Ile faini ya pauni 100 isikutishe, ila iweke kwenye hesabu. Maana yake ni kwamba miezi sita baadaye ukiona bei nyingine, haitakuwa na faida mpaka akiba yake kwa miezi iliyobaki izidi pauni 100. Weka tarehe kwenye simu: siku 49 kabla ya mkataba mpya kuisha. Siku hiyo faini inakufa tena, na wewe unarudi sokoni.

Kabla ya kubonyeza "kubali", hakikisha mambo mawili kuhusu kampuni hiyo. La kwanza, inavyohudumia watu. Citizens Advice, shirika linalowashauri wananchi bure, wanatoa alama za nyota kwa kampuni za umeme kulingana na malalamiko, muda wa kusubiri simu na usahihi wa bili, iangalie humo. Binafsi naweza kulipa pauni 30 zaidi kwa mwaka kwa kampuni inayopokea simu, maana siku bili ikikosewa ndipo utakapojua thamani ya hizo 30. La pili, usilinganishe kupitia kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Kuna madalali kwenye jumuiya zetu wanaowapigia watu simu kwa Kiswahili kitamu, wanaomba tarehe ya kuzaliwa na namba ya akaunti ya benki, kumbe kamisheni ndiyo wanayoitafuta, au kitu kibaya zaidi. Nenda mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, au kwenye tovuti za kulinganisha bei zilizoidhinishwa na Ofgem. Na ukitumia tovuti hizo, chagua zikuonyeshe bei zote, si zile tu wanazolipwa kuziuza.

Kampuni ikifilisika je? Swali zuri, na lina historia. Kati ya 2021 na 2022 kampuni karibu 30 zilianguka, kubwa kuliko zote ikiwa Bulb. Hakuna nyumba iliyozimiwa taa. Wateja walihamishiwa kwa kampuni nyingine, na salio la mteja wa nyumbani lililindwa. Kwa hiyo usiogope kampuni ndogo kwa sababu hiyo. Iogope kama haipokei simu.

Sasa salio la pauni 140. Halipotei, ni lenu. Ila mjue ni nini. Mnalipa kiasi kilekile kila mwezi, lakini boila haili sawa mwaka mzima. Kiangazi mnalipa zaidi ya mnachotumia, fedha zinajikusanya. Desemba mpaka Machi mnatumia zaidi ya mnacholipa, fedha zinaliwa. Kuwa na salio mwezi wa Oktoba ni kawaida, kama ghala baada ya mavuno. Mkihama, kampuni ya zamani inatakiwa kutoa bili ya mwisho ndani ya wiki 6, kisha kurudisha kilichobaki ndani ya siku 10 za kazi baada ya bili hiyo. Ikichelewa, kuna fidia ya lazima. Bili ya mwisho itakata kwanza matumizi mpaka siku ya kuhama, hivyo msishangae mkirudishiwa 60 badala ya 140.

Hapa ndipo ninapomwona mumeo ana hoja, hata kama si ile aliyoisema. Mkihama mwishoni mwa Novemba mnaanza akaunti mpya kwa sifuri, mlangoni mwa baridi, bila ghala. Kampuni mpya itagawa makadirio ya mwaka kwa 12, kama pauni 157 kwa mwezi, lakini Januari mtatumia zaidi ya hizo, na akaunti itaonyesha mnadaiwa. Ni jambo la msimu, litajirekebisha kiangazi, mradi kampuni ilipewa matumizi sahihi toka mwanzo. Kwa hiyo kwenye fomu msikubali makadirio ya "nyumba ya vyumba vitatu". Andikeni 3,100 na 14,000. Na kile kitakachorudi kutoka kwa kampuni ya zamani, msinunulie viatu. Kiingizeni kwenye akaunti mpya kikawe akiba ya Januari.

Msiende benki kufuta makato ya kampuni ya zamani mkishahama. Acheni mpaka bili ya mwisho itoke na kulipwa au kurejeshwa. Wengi huyafuta haraka kwa hasira, bili ya mwisho ya pauni 40 inakosa kulipwa, inageuka deni, na deni linaenda kuchafua rekodi ya mkopo. Kama kuna deni la zamani, pia, kampuni mnayoiacha inaweza kuzuia kuhama iwapo limekaa zaidi ya siku 28. Ninyi mna salio, hilo haliwahusu.

Kuhusu nyumba ya kupanga: kama bili ina majina yenu na mnailipa ninyi, haki ya kuchagua kampuni ni yenu. Mwenye nyumba hawezi kuwazuia, ingawa ni adabu kumjulisha, na soma mkataba wa kupanga kama unadai mrudishe kampuni ya awali siku ya kuondoka. Kama umeme umo ndani ya kodi, hapo uamuzi ni wake.

Mambo mawili ya haraka. Mna mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa hiyo mnastahili kuandikwa kwenye Priority Services Register, orodha ya wanaopewa kipaumbele na taarifa mapema umeme ukitakiwa kukatwa kwa matengenezo. Mkihama, jiandikisheni upya kwa kampuni mpya, msidhani jina litawafuata. Na kama mnapata ruzuku za serikali zinazotegemea kipato, kuna punguzo la pauni 150 la Warm Home Discount kwa anayelipa bili. Kwa baridi ya 2025/26 siku ya kuangaliwa ilikuwa 24 Agosti 2025, na kampuni mliyokuwa nayo siku hiyo ndiyo inayohusika, hata mkihama leo. Kwa mwaka ujao, ulizeni kampuni mpya kama imo kwenye mpango huo, maana baadhi ya zile ndogo hazimo.

Kwa wasomaji wengine ambao mita zao ni za kulipia kabla, kwa ufunguo au kadi: nanyi mnaweza kuhama, hata mkiwa na deni la mpaka pauni 500 kwa umeme na 500 kwa gesi, deni linahama nanyi. Walio kwenye majengo yanayopashwa joto kwa boila moja ya wote hawana uhuru huo kwa upande wa joto. Na ndugu wa Belfast, soko lenu ni jingine na msimamizi wenu ni mwingine; haya ya Ofgem hayawahusu.

Nimebakiza mita, na naiweka mwisho kwa sababu ndiyo iliyoniuma mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilihama, nikajiona mtaalamu, sikusoma mita siku ya kuhama. Kampuni niliyoiacha ilikisia, ikaweka namba ya juu. Kampuni niliyoingia ikaanza na namba ya chini. Yuniti mia tano na zaidi za gesi zikalipwa mara mbili, kwa kampuni mbili, na kila moja ikaniambia niongee na mwenzake. Ilichukua miezi mitatu. Kanuni ni kwamba namba moja ya kuanzia hutumika na pande zote mbili, lakini kanuni inahitaji ushahidi. Kama mzozo wa aina hiyo ukifika wiki 8 bila kutatuliwa, unapeleka kwa Energy Ombudsman, mwamuzi huru wa malalamiko ya umeme na gesi, bila malipo, na uamuzi wao kampuni lazima iutii. Kwa picha ya mita ungeumaliza siku ya kwanza.

Ninyi mna mita janja, ambayo inatuma namba yenyewe. Ikiwa ni ya kizazi cha pili, itaendelea kutuma kwa kampuni mpya. Zile za mwanzo huweza kupumbaa baada ya kuhama, ikabidi usome kwa macho kama zamani. Vyovyote iwavyo, msiiamini peke yake siku hiyo. Mpe mumeo kazi hii: kampuni mpya ikishawapa tarehe ya kuhama, asubuhi yake apige picha mita zote mbili, namba za mita zionekane pamoja na usomaji. Ya umeme huwa chini ya ngazi au juu ya mlango. Ya gesi mara nyingi iko nje, kwenye kisanduku cheupe ukutani, na ufunguo wake wa plastiki wa pembe tatu utakuwa kwenye droo moja na betri zilizokufa. Akishapiga, azitume kwenye barua pepe yenu wenyewe, ili tarehe na saa vibaki pale.